Fundi Lugembe na Mtani Wake

Vijana wa leo wakiiona karabai, taa ya pampu, wanacheka, wanauliza dude gani hili. Hebu wacheke, meno ni yao. Mimi Thuraya binti Darwesh, niliyezaliwa Tabora hii na nitakayezikwa Tabora hii, nilimjua mtu aliyekuwa akiyafufua madude hayo, na habari yake haichekeshi hata kidogo.

Aliitwa Lugembe. Mnyamwezi wa Kwihara, mrefu, mkimya kwa watu asiowazoea, mikono inanuka mafuta ya taa hata siku ya Krismasi. Ujanani alifuatana na Mzungu mmoja mpima madini, wakilala porini upande wa Nzega, na kazi yake ilikuwa kuangalia taa na majiko ya kambi. Uhuru ulipokuja, Wazungu wakafunga virago. Vyombo vyao vya safari vingi viliishia jalalani, vimebonyea, vimeziba, vimeota kutu. Lugembe akaviokota. Watu wakasema kapata wazimu huyu, nchi imepandisha bendera yake, yeye anaokota takataka za mkoloni. Alikuja kwa mume wangu, Thuwaini, akaomba kona ya baraza ya duka letu, na kona ile akaikalia miaka yote mpaka siku waliyomchukua.

Wallahi, ilikuwa raha kumtazama akifanya kazi. Shaba iliyopiga weusi aliisugua kwa ukwaju na majivu mpaka ujione uso. Ngozi ya pampu aliikata kwenye kiatu kibovu, akailaza ndani ya mafuta ya nyonyo hadi ilainike. Kile kitundu cha kurushia mafuta, ambacho hata sindano haipiti, alikizibua kwa unyuzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli. Kisha anajaza upepo, anazamisha tangi kwenye beseni la maji, anatazama. Likitoa povu hata moja, anafungua, anaanza upya. Mimi nikimharakisha ananiambia, "Taa haitaki haraka, Bi Thuraya." Harusi na maulidi za mji huu, ni taa zake zilizowaka. Hata mapadri wa vijijini walimletea za kwao.

Lakini chombo alichokipenda kuliko vyote hakikuwa cha mteja. Kilikuwa jiko la pampu, la safari, lenye miguu mitatu, alilomtengenezea mkewe, Marcelina. Marcelina alikuwa na pumu. Moshi kidogo tu wa kuni au wa mkaa, kifua kinambana mpaka midomo inabadilika rangi. Daktari alimwambia aepukane na moshi. Ebo! Utaepukanaje na moshi na wewe ni mke wa mtu una chungu cha kuinjika? Basi Lugembe akampa jiko lile, linawaka moto wa buluu, moshi hakuna. Tabu yake, lilikuwa na deko. Mafuta ya miaka ile yalikuwa machafu, na kitundu kiliziba kila mara. Kila asubuhi kabla ya kuja barazani Lugembe alilifungua, akalisafisha, akaliwasha, akategea sikio linavyovuma. Hakuna mwingine aliyeliweza. Nikisema pumzi ya Marcelina ilikuwa mikononi mwa Lugembe, siongezi chumvi.

Sasa nimtaje Mwanahawa. Huyu alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, mumewe, mfanyakazi wa reli, alimleta huku, akafa, yeye akabaki. Mjane mwenye mwili na mwenye sauti, na ndiye aliyekuwa mjumbe wetu wa nyumba kumi. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zao walipojuana kwenye njia ya pwani, mizigo kichwani. Na mtani hakasirikiwi. Ndiyo sheria yenyewe.

"Wewe mpagazi wangu," alimwambia kila asubuhi, "umeshaamka kuchezea makopo? Babu yako alibeba pembe mpaka pwani kwetu, wewe kibatari kinakushinda!"

Na Lugembe, yule yule mkimya, mdomo unamfunguka. "Toka hapa, mla nazi! Ukifa nitakuzika na ngoma yako, maana kazi nyingine huijui."

Wanacheka mpaka machozi. Jioni Mwanahawa anampelekea Marcelina samaki aliyekwisha kumpika kwake. Walipendana kama waliozaliwa tumbo moja, nataka ulijue hilo kabla sijaendelea.

Mwaka wa sabini na sita, mvua zimeanza kuanguka, ikatoka amri kwamba mjini asibaki mtu asiye na kazi. Wazururaji wote wapelekwe vijijini wakalime. Wakaletwa vijana wa mgambo kutoka nje ya mji, hawatujui, hatuwajui. Wakaja na lori mpaka barazani kwetu. Wakamkuta Lugembe ameketi chini, karabai ya watu imefunguliwa vipande vipande mbele yake.

"Wewe, kazi yako nini?" akauliza mkubwa wao.

"Fundi."

"Fundi umeajiriwa wapi? Kitambulisho cha kazi kiko wapi?"

Hana. Nani angempa? Nikatoka dukani mbio. "Huyu ana kazi, jamani, mji mzima unamjua!"

Yule kijana akanitazama juu mpaka chini. "Mama, nyamaza. Nyinyi ndio makupe wenyewe, mnafuga watu barazani kwenu muwanyonye."

Makupe! Na rafu zetu tupu, hata sabuni ya kipande hatuna! Nilitaka kumrukia. Thuwaini akanishika mkono.

Ndipo Mwanahawa akatokea, anarudi sokoni na kikapu chake. Mtu mmoja akasema mjumbe huyo anakuja. Kijana akamgeukia. "Mjumbe, unamjua mtu huyu? Ana kazi?"

Na Mwanahawa, Mungu amsamehe, alimwona mtani wake ameketi chini, watu wamemzunguka, akafanya alivyofanya kila siku ya Mungu. Akashika kiuno, akaangua kicheko. "Huyu? Kazi? Huyu mpagazi wangu, mvivu wa Kinyamwezi, kutwa kuchezea makopo! Mchukueni mkamlimishe!"

Na Lugembe naye akacheka! Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Angesema tu, mjumbe, acha mzaha, yangekwisha. Lakini mtani hakasirikiwi. Akasema, "Haya, leo bibi yangu kaniuza." Na waliokuwepo wakacheka.

Kijana hakucheka. "Mjumbe amethibitisha, na mwenyewe amekubali. Panda."

Wakamnyanyua kwa makwapa. Mwanahawa alikuwa bado anacheka. Alipoona kweli wanampandisha, kikapu kikamponyoka, nyanya zikabingirika barabarani. "Jamani, nilikuwa namtania! Ni mtani wangu! Huyu ni fundi, wallahi ni fundi!"

"Mjumbe," akasema yule kijana huku akifunga lori nyuma, "serikali haitaniwi."

Lugembe hakupiga kelele kwa ajili yake mwenyewe. Lori lilipoondoka alipaza sauti mara moja tu: "Mwangalieni Marcelina! Moshi, jamani, moshi!"

Walimpeleka kijiji kipya, porini, mbali kupita Igalula, wakamwambia akitoka bila ruhusa atafungwa. Mwanahawa akaenda ofisini kumwombea. Wakamwuliza, siku ile ulisema kweli au uongo? Akisema kweli, mtu atabaki kule kule. Akisema uongo, mjumbe mwongo nani atamsikiliza? Alirudi analia njia nzima, na kesho yake akaenda tena. Alikwenda mpaka makarani wakawa wakimwona wanafunga dirisha.

Sitamnyima haki yake. Alihamia kwa Marcelina, akamwogesha, akamlisha, akalala chini, kando ya kitanda chake. Jiko likaenda kwa siku chache, kisha likaanza kutema moto wa manjano, likaziba. Mwanahawa akaingiza unyuzi wa waya kama alivyokuwa akimwona Lugembe, ukakatikia ndani. Tukalipeleka kwa fundi wa baiskeli, akaligeuza geuza, akaturudishia. Ikabaki mkaa. Tukawa tunapika kwangu, tunabeba chakula tumekifunika. Lakini kule Ng'ambo, mtaa wa Marcelina, nyumba zimebanana, mvua haikatiki, kuni za majirani zote mbichi, na moshi haupigi hodi. Tuliziba madirisha kwa kanga, akakosa hewa. Tukayafungua, ukaingia. Marcelina alikufa asubuhi moja akiwa ameketi, maana kulala alikuwa hawezi tena. Alikuwa anauliza kama Lugembe ameshafika. Padri akamzika, na mumewe hayupo.

Ruhusa ilikuja kutoka baada ya mazishi. Lugembe alirudi kwa miguu, akapita Kwihara, na huko ndugu zake ndio waliompa habari. Alipotokea barazani kwetu amekonda, matope mpaka magotini, sote tulisimama.

Kwenye msiba, mtani ndiye mwenye ruhusa ya kumchokoza mfiwa, amtoe kwenye huzuni hata kwa matusi. Mwanahawa alijifuta macho kwa upande wa kanga. Akasogea mbele, akashika kiuno. "Umerudi, mpagazi wangu?" alisema. "Hata jembe limekushinda?"

Alikuwa anaomba, si anatania. Kila mtu aliliona hilo. Anaomba atukanwe. Angeitwa mla nazi, angeitwa mchawi, angeitwa muuaji, angeshukuru. Mimi nilikuwa nasema moyoni, mtukane, Lugembe, kwa jina la Mungu mtukane.

Lugembe alitua mzigo wake. Akavua kofia, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama," alisema.

Salamu haiachwi bila kujibiwa. Mwanahawa akaitikia, "Marahaba."

Alimwamkia hivyo hivyo kila asubuhi, kwa adabu zote, mpaka tulipomzika Mwanahawa.