Katani ya Fundi Sedekia

Mafundi nawajua. Nilikaa dirisha la stoo miaka sita nikiwagawia boliti na matusi, wala sikuona mwenye mkono safi kama Sedekia. Baba yake alikuwa fundi bomba huko Iringa, akamrithisha sheria moja: kila penye meno ya kufungia, zungusha katani, paka rangi, ndipo ukaze. Gereji yetu pale Mwanjelwa ilikuwa na malori saba na hakuna lililodondosha hata tone. "Kazi yangu haivuji, Benedicta," alikuwa akiniambia, nasi maringo yake tulimwachia, kwa kuwa alikuwa na haki nayo.

Mwaka 1974 lori kuukuu tuliloliita Kikongwe likamtoa jasho. Mshale wa joto uligoma kupanda. Injini ichemke isichemke, wenyewe umelala kwenye baridi. Mara tatu Sedekia alikuja dirishani kuchukua kipima joto kipya, kile kidude cha shaba kinachofungwa kwenye injini ili kiupe mshale habari za maji. Kila kipya alikijaribu kwanza kwenye sufuria yangu ya chai, waya mmoja ukienda kwenye mshale, mwingine ukikiunganisha na bodi ya lori. Mshale ulipanda vizuri tu. Akikifunga mahali pake, kimya.

"Dada Beni, unanipa vibovu."

"Kibovu gani kinafanya kazi kwenye sufuria yangu, kikigoma kwako?"

Cha tatu alikikaza kwa nguvu zake zote. Mshale ukapanda, akaandika kwenye kadi ya lori: mzima.

Wiki hiyohiyo dereva wetu Bujiku akapakia mpunga Rujewa kwenda Iringa. Karibu na Makambako maji yakachemka, gasketi ikapasuka. Kikongwe kilirudi kikivutwa. Bujiku aliapa kwamba mshale ulikuwa umelala njia nzima, lakini kadi ilisema mzima, na meneja aliiamini kadi. Jumatatu, kabla ya kwenda Iringa kwa shughuli zake, akamwambia mlinzi mbele yetu sote: "Bujiku hatoki humu mpaka fundi aseme mshale ulikuwa mzima au mbovu. Akitoka, ametoroka, na polisi watamfuata."

Bujiku alimwomba ruhusa ya siku moja tu. Baba yake alikuwa hoi kwa kifua, kwao Rujewa. Meneja akapanda gari akaondoka. Basi mtu mzima yule, mwenye mke na ng'ombe zake, akawa analala juu ya magunia kwenye kibanda cha mlinzi.

Jumanne mchana Sedekia alikuwa amekwisha kubadili gasketi. Injini ilinguruma, rejeta huwezi kuigusa, na mshale umelala. Nilikuwa nimesimama karibu naye nikisubiri anirudishie spana. Akaegemeza bisibisi, ikagusa shaba ya kipima joto na chuma cha injini kwa pamoja. Mshale ukapanda. Akaiondoa, ukaanguka. Alirudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kikiwa kwenye injini, kidude kile kina waya mmoja tu. Umeme hurudi kwa kupitia meno yake yenyewe, na meno hayo alikuwa ameyaziba kwa katani na rangi. Siku ile alipokikaza kwa nguvu yaligusa chuma kidogo, mtikisiko wa barabara ukayaachanisha.

"Yote saba nimeyafunga hivi," alisema kwa sauti ndogo.

"Sasa sema. Mwenzio amefungiwa pale."

"Ijumaa, meneja akirudi. Dada, niache kwanza nipumue."

Nikamwacha. Najichukia kwa hilo mpaka leo.

Jumatano shemeji yake Bujiku aliteremka kwenye lori la ng'ombe akasimama nje ya geti. Baba amefariki, alisema, na kesho wanazika. Bujiku akamgeukia mlinzi.

"Kaka, pole sana," mlinzi akamwambia. "Lakini fundi akitamka neno moja tu, nafungua sasa hivi."

Bujiku akaja mpaka kwenye Kikongwe. "Fundi, bado hujaona kitu?"

Sedekia hakutoa kichwa kwenye injini. "Bado natafuta."

Mimi nilikuwa dirishani. Nilianza kupanga nati zilizokwisha kupangwa. Alhamisi wakamzika mzee, na mwanawe akashinda ameketi kwenye magunia, uso ukielekea barabara ya Rujewa.

Ijumaa meneja alirudi. Sedekia akatuita wote, akafungua kipima joto, akachokoa katani kwa msumari mpaka meno yakang'aa, akakirudisha kitupu. Mshale ukapanda.

"Kosa ni langu," alisema. "Na mengine sita yaitwe yarudi, mishale yake nayo si ya kuaminiwa."

Meneja akamvua ufundi palepale, akampa ndoo ya kuoshea malori. Wenzetu wakanong'ona kwamba huyu ndiye mwanaume, amesema kweli. Bujiku ndiye peke yake aliyekuwa na swali.

"Uliona lini?"

Angeweza kudanganya. "Jumanne," akajibu.

Bujiku akatikisa kichwa polepole, akachukua koti lake. Geti lilikuwa wazi. Alipita mbele ya dirisha langu, nami nilikuwa nimemshikia kikombe cha chai yenye sukari nyingi kama anavyoipenda. Akakipokea kwa mikono miwili.

"Ahsante, dada," akaniambia. "Wewe angalau una utu."