Kicheko Nyuma ya Kioo cha Tinti

Katika mtaa ule wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, nyumba ya marehemu Byamungu ndiyo pekee iliyokuwa na madirisha ya vioo. Byamungu alikuwa mwalimu mkuu, na alipojenga alisema binti yake hatakua akisukuma ubao kila asubuhi ili aone mchana. Alifariki kabla kuta hazijapakwa rangi. Mjane wake, Perpétue, ambaye naye alifundisha huko Uvira, Kongo, kabla ya vita, alivipangusa vioo vile kila Jumamosi kwa gazeti lililoloweshwa maji. Mpita njia akisema “ile nyumba ya vioo”, alijifanya hakusikia, lakini siku yake yote ilikuwa njema.

Tabu ya vioo vile ilikuwa jua. Vilitazama magharibi, na kuanzia saa nane mchana sebule iligeuka tanuri: mabati yakichoma kutoka juu, vioo vikichoma kutoka upande. Wageni wa kawaida waliwekewa viti uani, kivulini, wakashukuru. Lakini kiangazi cha mwaka 2013 ilikuja habari kwamba watu wa kijana aitwaye Muhire watakuja kumposa Pascaline, binti yake wa pekee. Wakwe hawawekwi uani. Wanapokelewa ndani, wanaomba, wanakunywa maziwa, ndipo maneno yanaanza. Na msemaji wao angekuwa mzee Rwakabuba, baba mdogo aliyemlea Muhire, muuza maziwa wa Ruti pale Mbarara, mtu aliyesifiwa kwa kuijua adabu ya nyumba kabla hajakaa kitini.

Perpétue alikwenda Mbarara kununua kitambaa cha meza, na karibu na gereji moja akaona vijana wakibandika karatasi nyeusi kwenye vioo vya gari. Waliiita tinti. Kijana mmoja akamwambia kwamba inapunguza jua hata nyumbani, akamuuzia kipande kilichobaki, cha aina ile inayong’aa kwa nje. Kuhusu kubandika alimpa maneno machache tu: maji ya sabuni mengi, haraka hakuna. Alirudi nyumbani na tinti ile imeviringishwa chini ya kwapa. Fundi wa kumsaidia hakumtafuta, maana fundi angeeneza habari kwamba nyumba ya mwalimu ina joto.

Aliyemsaidia ni wifi yake, Mukandoli, dada wa pekee wa marehemu, aliyeishi katika kijumba cha udongo nyuma ya boma hilohilo. Mukandoli hakuwahi kukaa darasani. Mwaka 1996, walipoikimbia Kivu ya Kusini, yeye ndiye aliyembeba Pascaline mgongoni njia nzima, kwa kuwa Perpétue alikuwa na homa. Watu wa nyumba ile walilijua jambo hilo, nao hawakulitaja mara kwa mara.

Walifunga mlango upepo usilete vumbi. Perpétue aliosha vioo, akakwangua vinyesi vya nzi kwa wembe, akapima kwa rula yake ya shuleni na kukata. Mukandoli alinyunyiza maji ya sabuni kwa kopo alilolitoboa matundu kifunikoni. Kioo cha kwanza kiliharibika: karatasi ilinatana yenyewe kwa yenyewe, na walipoitandua ikabaki na malengelenge kama chapati iliyoungua. Cha pili kilikwenda vizuri zaidi. Perpétue alifunga rula kwa kitambaa, akasukuma maji kutoka katikati kuelekea pembeni, polepole, mpaka lengelenge la mwisho likatokea ukingoni. Jioni mikono yao ilikuwa imekunjamana kwa maji, lakini madirisha yalikuwa yamekwisha.

Kesho yake saa tisa mchana waliketi sebuleni kuonja kazi yao. Baridi ya milima ya kwao Minembwe haikuwapo, kwa kuwa mabati yalikuwa palepale, lakini mtu aliweza kukaa bila kupangusa paji la uso. Na kulikuwa na jambo lingine. Aliyesimama nje alijiona mwenyewe tu, kama mbele ya kioo cha kinyozi. Aliyekaa ndani aliiona barabara yote.

“Wifi,” Mukandoli alisema, “siye tunaona batu, na bao habatuone. Hii haiko kama kuiba?”

Perpétue alimjibu kwamba hiyo ni sayansi.

Hata hivyo, aliizoea sayansi ile kwa namna ambayo asingependa mchungaji aijue. Wanakwaya wakienda mazoezini walisimama pale dirishani kunyoosha vilemba. Mama mmoja, mkubwa wa idara ya akina mama kanisani, aligeuka kutazama sketi yake kwa nyuma, akaipigapiga, akageuka tena. Perpétue aliwatazama wote akiwa kwenye kiti chake na kikombe cha chai mkononi. Alijiambia hamkosei mtu.

Siku ya posa ikafika. Kabanda, binamu ya marehemu na mzee wa kanisa, aliyewekwa kuwa msemaji wa upande wa binti, alitoka kuwalaki wageni barabarani gari liliposimama. Pascaline alikuwa chumba cha nyuma, kama inavyompasa binti siku hiyo. Sebuleni walibaki Perpétue na Mukandoli, huyu ameshika sinia la vikombe, yule akinyoosha kitambaa cha meza kwa mara ya kumi. Tangu jana yake Perpétue hakuwa amekula kitu.

Wakati wenzake wakisalimiana na Kabanda, mzee Rwakabuba alijitenga, akaja ubavuni mwa nyumba, akasimama mbele ya dirisha. Akavua kofia, akalaza mvi zake kwa kiganja. Kisha akaangalia kulia na kushoto, akaingiza vidole kinywani na kutoa meno yote ya juu. Akayapangusa kwa leso. Akayarudisha, akatafuna hewa, akatabasamu kuyajaribu. Halafu akajizoeza salamu: aliinama kwa heshima, akaona hakuinama vizuri, akainama tena, na meno yakateleza, akayadaka kwa ulimi.

Perpétue alicheka.

Hakikuwa kicheko cha kuzuia kwa leso. Kilimtoka kwa njaa na woga wa siku nyingi, kikubwa, cha kifua, namna alivyokuwa akicheka zamani Byamungu alipokuwa hai. Mukandoli alishtuka, vikombe vikagongana kwenye sinia. Tinti huzuia jua na macho, sauti haiizuii. Perpétue aliziba kinywa, akageukia ukuta, hakuthubutu kutazama tena nje.

Wageni waliingia. Waliomba, wakakaa, Kabanda akawakaribisha kwa maneno mazuri, na Mukandoli akapita na maziwa. Rwakabuba alipokea kikombe chake akakiweka chini mezani. Wenzake wakaviweka vyao pia. Kila mtu mle ndani alijua maana ya maziwa yaliyokataliwa na wakwe: binti hataolewa, na sababu itasimuliwa kila nyumba ya Nakivale mpaka Kabingo.

“Mbele ya kugusa maziwa ya hii nyumba,” mzee alisema taratibu, “niko na swali. Kuna mutu alinicheka pale dirishani. Ni nani?”

Kabanda, asiyejua lolote, aliwageukia wanawake. Perpétue aliwaza jina la Byamungu. Aliwaza binti yake chumba cha nyuma, na nyumba ya vioo. Jibu lilimtoka likiwa limenyooka, kwa sauti aliyozoea kuitumia mbele ya wazazi wa wanafunzi.

“Utusamehe, mzee wetu. Ni wifi yangu. Hakusoma, hajui kukaa na watu.”

Mukandoli alimtazama. Akaweka sinia chini, akapiga magoti mbele ya mgeni, akasema, “Nisamehe, muzee.” Rwakabuba aliyatazama magoti yale, kisha akamtazama Perpétue kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Akainua kikombe, akanywa. Wenzake wakanywa. Maneno yakaenda vizuri, ng’ombe wakakubaliwa, na siku ya harusi ikatajwa.

Jioni ile Perpétue alienda kijumba cha nyuma kumshukuru wifi yake. Alimkuta anasugua sufuria. Alisema mengi kuhusu heshima ya ukoo na namna Mungu alivyowanusuru. Mukandoli alisema ndiyo, ndiyo, akaendelea kusugua.

Jambo lingeishia hapo, kama Muhire hangekuja wiki chache baadaye na ujumbe wa baba yake mdogo. Kijana aliona haya kuusema. Mzee hana neno na binti wala na mama, ila anaomba yule shangazi aliyecheka asiwe miongoni mwa watakaomsindikiza bibi harusi.

Kumtoa bibi harusi ni kazi ya shangazi. Ndiye anayemfunga kitambaa, ndiye anayetembea naye hadi kwa watu wake wapya, na Pascaline hakuwa na shangazi mwingine duniani. Perpétue alimwambia Muhire kwamba wamesikia. Alipomfikishia Mukandoli, huyu alikuwa ameshalitoa sandukuni vazi lake la siku hiyo na kulianika kambani. Alilianua kabla halijapata upepo, akasema sawa.

Pascaline ndiye aliyekataa kusema sawa. Aliingia sebuleni akasimama mbele ya mama yake.

“Maman, nilikuwa nyuma ya mlango siku ile. Kicheko chako nakijua tangu nikiwa mtoto.”

Alitoka akaenda kuketi na shangazi yake, na tangu siku hiyo alilala huko.

Siku kadhaa Perpétue alijitafutia kazi. Alianza kuibandua tinti, kana kwamba ndiyo iliyosema uongo. Gundi ikabaki kwenye kioo kimoja kama uji uliokauka, ikawa mbaya kuliko mwanzo, akaacha. Akajaribu kujiambia kwamba mjane asiye na mume wa kumsemea anaruhusiwa kujiokoa. Usiku hakulala. Asubuhi moja alivaa, akapanda gari hadi Mbarara, akashuka Ruti.

Rwakabuba alikuwa dukani kwake, akimpimia maziwa bwana mmoja Munyankore, mwenyeji wa pale, aliyekuwa akimtania, “Mzee, leo maji umeweka kidogo, asante sana.” Alimwonyesha Perpétue benchi, akamaliza na wateja, kisha akaja kukaa mwisho mwingine wa benchi lile. Maneno ambayo Perpétue alikuwa ameyapanga njiani, yenye utangulizi na sababu, yalimpotea.

“Mzee, aliyekucheka ni mimi. Wifi yangu hakucheka.”

“Nilijua tangu siku ile,” mzee alisema. “Nilisikia kicheko, nikasogeza uso mpaka kwa kioo, nikakinga jua na kofia. Ukifanya vile, ndani kunaonekana, mama. Nilikuona umeshika kinywa, umenigeuzia mugongo.”

Perpétue alitamani ardhi ya Ruti ipasuke. Kumbe alipomsingizia Mukandoli mbele ya watu wote, mwenye swali alikuwa na jibu tayari.

“Kicheko si kitu,” mzee aliendelea. “Bajukuu bangu bananicheka meno kila siku. Lakini yule mama alipiga magoti kwa kosa yako, na wewe umekaa. Nikajiuliza, huyu wifi yako utamwacha abebe mpaka wapi? Njo maana nilituma ile neno. Na hapo na mimi nilikosa, maana nilimuumiza asiye na kosa nikupime wewe.” Akainuka kumhudumia mtoto aliyeleta kopo. “Binti tunamutaka. Shangazi yake akuje naye. Kuhusu yule mama, nenda uongee naye, mimi siwezi kukusaidia.”

Hakumwita Perpétue “mama wa bibi harusi”. Hakumpa maziwa pia.

Jumapili baada ya ibada Perpétue aliwaita sebuleni Kabanda, Pascaline na Mukandoli. Kusema mbele ya Kabanda kulimchoma kuliko Ruti, kwa kuwa Kabanda ndiye aliyezoea kuwaambia wengine waige nyumba ile. Alisema yote amesimama, pamoja na neno la mzee kwamba shangazi aje, halafu akapiga magoti mbele ya wifi yake. Kabanda alitazama viatu vyake. Pascaline hakumwinua mama yake.

Mukandoli aliyatazama magoti ya Perpétue.

“Kicheko ningekubebea,” alisema. “Ungenikonyeza tu, wifi, ningebeba. Lakini kwa nini ulisema sikusoma?”

Perpétue aliinua macho.

“Kwetu tulikuwa wawili. Baba alisema mmoja aende shule, mmoja abaki na ng’ombe. Nilibaki mimi. Zile ng’ombe nilizichunga, zikauzwa moja moja, kaka akasoma mpaka akakuoa wewe mwalimu. Sasa nyumba nzima inajua sikusoma. Kwa nini ulilisema kwa wageni?”

Mukandoli alingoja jibu kwa uungwana, kama mtu anayengoja chenji. Alipoona haliji, akamgusa Pascaline begani, wakatoka pamoja kwenda kulianika upya lile vazi, na Kabanda akaiomba kofia yake aende zake.