Kikapu cha Bibi Kati ya Tabora na Dar

Juzi binti yangu aliniuliza kutoka Tabora hadi Dar es Salaam ni mbali kiasi gani. Kabla sijafungua mdomo, simu yake ikamjibu: kwa ndege, saa moja na nusu hivi. Nilicheka, rafiki yangu, maana nilikumbuka muda huo ulivyomtoa bibi jasho.

Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Shangazi alikuwa anaolewa Dar kesho yake, mvua zikakata reli, na baba akatukatia tiketi za ndege, mimi na bibi. Lo! Mtaa wetu mzima wa Chemchem ulijua kwamba naruka.

Babu yake bibi alikuwa mpagazi, aliyekwenda pwani kwa miguu na meno ya ndovu begani. Kwa bibi, basi, pwani ilikuwa mbali tu, upande ndege au usipande. Alijaza kikapu karanga za kukaanga na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa hadi vikashindana na meno. Nyumba nzima ilinukia karanga.

Ila alikuwa na mwiko wake: chakula cha njiani huishia njiani. Ukikiingiza kwa bibi harusi, unamwambia kwamba safari yake bado, na ndoa haitatulia. Aliliamini hilo kwa moyo wote.

Ndege ilipoinuka nilipiga kelele za furaha. Miti ya miombo ilikuwa midogo kama mchicha! Bibi alijifunika kanga usoni, akasali, akasali tena. Alipojifunua, mhudumu alikuwa anatangaza kwamba tunakaribia Dar.

"Dar ipi?" bibi akauliza. Akakitazama kikapu. Kilikuwa kimejaa pomoni.

"Inuka, mjukuu wangu! Wewe upande ule, mimi huu."

Nilikimbia kwenye ujia nikigawa kwa mikono miwili. Waliovaa tai walitafuna, mtawa alitafuna, watu wasiojuana wakaanza kuulizana kwao ni wapi. "Shikamoo bibi!" "Marahaba, kula baba, kula upesi!"

Mhudumu akaja mbio. "Bibi, kaa tafadhali, tunashuka."

"Tunashuka nini na wewe, si tumepanda sasa hivi? Haya, shika haya ya mwisho."

Dada wa watu alisita, akatazama huku na huku, akayatia mdomoni. Bibi akakaa, akafungwa mkanda, machozi ya kicheko yakimtoka.

Uwanjani shangazi hakutusalimia kwanza. Macho yalikwenda kwenye kikapu. Bibi akakipindua juu chini, akakikung'uta. Shangazi akapiga vigelegele mbele ya watu wote, na ndoa yake imetulia hadi leo.

Bibi hayupo tena, nami napanda ndege hiyo mara kwa mara. Kila mtu huziba masikio kwa muziki wake. Mwaka jana nilibeba matobolwa, nikamkaribisha jirani yangu wa kiti, akatabasamu na kukataa kwa adabu. Nilifika nayo yote.