Safu ya Sare za Shughuli

Siku moja naikumbuka, mwanangu, ungali mgongoni, tumesimama mlangoni kwetu Kerege. Bwana wa mikopo ya kausha damu, ile ya riba kali, kakumbatia cherehani yangu, daftari kwapani.

"Mama Nasra, wiki tatu hujaleta marejesho. Hii naondoka nayo hadi umalize."

Nilimtukana mpaka akatoweka nayo. Bibi yako, mama wa baba yako, akanitazama tu.

"Matusi hayapunguzi deni, mkwe wangu. Unadaiwa ngapi?"

Sikujua. Mimi, niliyemaliza kidato cha nne na hesabu nikafaulu, sikujua.

Hasira ikanigeukia mwenyewe. Nikapakua lahajedwali kwenye simu, yale majedwali yanayojijumlisha. Lililokuja tayari lilikuwa la watu wa mshahara: gari, bima, safari. Nikafuta yote. Nikaandika yangu: unga, uzi, maziwa yako, marejesho ya kila Ijumaa. Halafu, kwa shingo upande, nikaongeza safu ya sare za shughuli, zile nguo za kufanana za harusini.

Jumla ilipotokea, niliisoma mara mbili. Harusi tatu na kumtoa mwali mmoja, sare na tunzo, vilikula kuliko matumbo yetu. Nilikopa huku nivae, nikakopa kule nilipe huku. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mimi nilidhani wanawasema wengine.

Bibi yako akaniazima cherehani yake kuukuu ya mkono. Nikashona sare za wenzangu, yangu sikununua. Harusini wakanicheka.

"Mama Nasra, dera hilohilo tena?"

"Hilohilo, shoga. Wewe lako umeshalilipa?"

Akageuka, akaenda kucheza.

Ijumaa ya mwisho ya marejesho yule bwana akasema bado elfu arobaini. Nikafungua simu, nikamsomea Ijumaa moja moja na ujumbe wa simu wa kila malipo. Akapekua daftari.

"Hapa sikuandika," akakiri.

"Mimi niliandika. Cherehani yangu."

Alasiri haijaadhiniwa, ilikuwa mezani pangu.

Kwa hiyo, mwanangu, ukikopa, andika siku ileile. Jedwali la mtu lisikubane. Lipange lifanane na maisha yako, na kile unachokionea haya kipe safu yake. Anayekudai mlipe, lakini usimwachie yeye peke yake hesabu.

Mola akujaalie riziki ya halali, akupe ulimi mkali kwa haki yako tu, na mlango wako ubishwe na wageni, si wadai.