Ndani ya Boneti ya Jirani

Jirani yangu hapa Mpemba, karibu na mpaka wa Zambia, ana gari la zamani, Pijo, na mpaka leo simwelewi. Bodi imejaa vumbi la malori, matairi yameisha upepo, wala hajali. Lakini kila Jumamosi hufungua boneti, akainama nusu mwili, akasugua ndani kwa mswaki na mafuta ya taa, akapiga msasa palipoanza kutu, kisha akapaka upya rangi ileile ya kijivu kwa brashi ndogo, huku akiimba tenzi kwa sauti ya puani. Nani atapaona huko? Jana uvumilivu ulinishinda, nikaenda kuchungulia. Palikuwa pasafi kama sahani ya wageni. Injini haikuwemo.

“Sasa mzee, unasafisha nini?”

Hakuinua kichwa. “Lusubilo alivuka nayo mpaka kwenda Nakonde, kwa mafundi wa Zambia. Mwanangu yule hawezi kufunga injini mahali pachafu. Atanigombeza.”

Nilihamia mtaa huu kabla Rozi wangu hajazaliwa, na sasa Rozi yuko darasa la sita. Huyo Lusubilo hatujawahi kumwona. Nilitaka kuuliza, nikaegemeza mkono kwenye ukingo wa boneti.

“Usiguse,” aliniambia. “Rangi bado mbichi.”