Ghorofa ya 255

Ofisini tulimwita Shangazi, kwa sababu alitukaripia kama watoto wa kaka yake. Kazi yetu ni kuandika kiini cha mfumo unaoendesha lifti, na yeye ndiye mlinzi wa faili la pamoja. Humo kila aina ya namba huelezwa mara moja tu, na sehemu nyingine zote huazima humo. Ole wako ujitungie ufafanuzi wako pembeni.

"Chakula kiko mezani, wewe unadokoa jikoni?" angekuuliza. Mimi niliulizwa mara tatu, na bado inaniuma.

Wiki ile majirani wa baba yake walitaniana kwamba jengo lao limeingiliwa na mashetani. Lina ghorofa tisa, na lifti yake huendeshwa na mfumo wetu, lakini kioo kidogo juu ya mlango wa lifti kiliandika 255, kisha kikazimika. Shangazi hakucheka. Tulishinda tukisoma mafaili, na alasiri akagandisha kidole kwenye mstari mmoja.

Sehemu ya mfumo inayofungua milango haikuazima namba ya ghorofa. Mtu aliinakili zamani, ghorofa zilipokuwa zikianzia sifuri. Baadaye yalipoongezwa maegesho ya chini, faili la pamoja likafunzwa kuhesabu chini ya sifuri, nakala ikaachwa vilevile. Nakala hiyo haijui hasi; ikishuka chini ya sifuri huzunguka hadi namba yake kubwa kuliko zote. Kwa hiyo lifti ikiwa kwenye hasi moja, milango inasoma 255. Haijui tena lifti iko wapi, nayo hufunguka ovyo.

Aliyenakili aliacha jina lake pale. Lilikuwa la Shangazi, mwaka wake wa kwanza kazini. Nyani haoni kundule, nilitaka kusema, ila uso wake ulinitisha.

Simu yake ikaita, akaiweka kwenye spika. Alikuwa baba yake, mzee asiyeona, anayeishi ghorofa ya saba na kutembelea kiti cha magurudumu.

"Mwanangu, nashuka kuota jua. Lifti imeshanifungulia."

"Baba, ndani kuna taa?"

"Taa nitaionaje mimi? Kuna upepo tu, unatoka chini."

"Funga breki, baba. Usisogee hata kidogo."

Tulisikia breki ikibana. Nikamshika Shangazi bega, jambo ambalo sikuwa nimewahi kuthubutu.

"Nimefunga," alisema mzee. "Lakini fimbo imeniponyoka, imetangulia ndani. Mbona siisikii ikigusa sakafu?"

Kisha sote watatu tukaisikia.