Kupeana mikono kulivyotaka kutukosesha ukumbi wa ibada hapa Doha

Wakuu, salamu kwenu mlioko nyumbani na kwetu tuliotawanyika huku kwenye joto. Mimi si mwandishi, na humu sijatia chumvi. Kama yupo mtu wa Doha aliyekuwepo siku ya tukio hili, ruksa kunisahihisha hapa hapa.

Mods, naomba msiupeleke uzi huu jukwaa la dini. Hili ni suala la binadamu na vikao vyao.

Kazi yangu ni ulinzi, jengo moja refu pale West Bay. Kulala nalala Najma, chumba kimoja na wenzangu ambao wote wanakoroma kwa zamu.

Kwa msiojua, huku Jumapili ni siku ya kazi kama Jumanne. Mapumziko ni Ijumaa, kwa hiyo sisi Wakristo tunasali Ijumaa. Mwanzoni nilikuwa naona kama nasali kwa kuibia, sasa nimezoea.

Tunasalia kwenye eneo moja nje kidogo ya mji. Madhehebu ni mengi, lugha ndiyo usiseme, kumbi hazitoshi. Kila kundi lina slot yake. Sisi wa ibada ya Kiswahili, yaani Watanzania, Wakenya, Waganda wachache na Mkongo mmoja mpiga gitaa, tulipewa ukumbi mdogo ghorofani, kuanzia saa sita mchana hadi saa nane.

Ikigonga saa nane wanaingia Wahindi wa Kerala.

Sasa wale Wahindi hawana ugomvi na mtu. Wanafika mapema, mashati yamenyooshwa, watoto wamechanwa nywele, wanasimama koridoni kimya. Bora wangetufokea. Ule ukimya ulikuwa unanifanya nijisikie nimekalia kiti cha mtu.

Na kuwachelewesha tulikuwa tunawachelewesha, tena kila wiki.

Sababu ya kwanza ni Mchungaji wetu. Katikati ya wiki ni mtunza stoo huko Lusail, anashinda na maboksi ambayo hayamjibu, kwa hiyo ikifika Ijumaa ana mengi ya kusema. Akitamka "namalizia" unaweza kwenda kunywa maji ukarudi ukamkuta bado yuko njiani.

Sababu ya pili ni Mzee Mwaipopo, katibu wetu, dereva wa lori. Huyu ndiye msoma matangazo. Kuna tangazo la mfuniko wa chupa ya chai uliookotwa, lilisomwa wiki baada ya wiki mpaka mimi nikatamani kujitokeza nidai ni wangu ili yaishe.

Ya tatu ni kwaya ya Mum Njeri, Mkenya wa Nakuru, yuko laundry ya hoteli. Wimbo wa kwaya ile hauna mwisho, una kituo cha kupumzika.

Halafu ndiyo inakuja mikono.

Wengi wenu mnaijua hii. Baada ya baraka watu wanatoka kwa wimbo. Wa kwanza anasimama nje ya mlango. Wa pili anampa mkono, anasimama pembeni yake. Wa tatu anawapa wote wawili. Hivyo hivyo mpaka kila mtu amemshika kila mtu. Nyumbani tunafanyia uwanjani, nafasi ipo. Huku tulikuwa tunafanyia koridoni, mbele ya Wahindi, mlango tumeuziba.

Siku moja msimamizi wa kumbi akatuita. Ni Mfilipino, mtu mpole, kila mtu anamwita Sir Jun. Akasema kwa adabu zote kwamba kuna makundi yanasubiri nafasi. Tukiendelea kuchelewesha watu, saa yetu ya mchana itapewa wengine, sisi tutahamishiwa alfajiri.

Alfajiri, wakuu.

Mimi mlinzi ningeweza. Ila nusu ya ibada yetu ni dada zetu wanaofanya kazi za ndani. Wengi wanaachiwa mchana wa Ijumaa tu, familia ikienda kula kwa wakubwa wao. Alfajiri nani atawafungulia geti? Kuhamishwa kwetu kulikuwa na maana ya wao kutosali tena, basi.

Baraza la wazee likakaa kikao cha dharura, kwenye mgahawa mmoja Najma, kwa chai ya karaki, ile nzito ya maziwa ya huku, na chapati. Mimi nilialikwa kwa sababu ya uniform, nadhani.

Mchungaji akashauri matangazo yapunguzwe. Mzee Mwaipopo akashauri kwaya ipunguzwe. Mum Njeri akaweka kikombe chini taratibu.

"Pastor, na heshima zote," akasema, "ile point yako ya tatu huwa ni ile ya kwanza imebadilisha nguo tu."

Kikao kikaahirishwa kwa maombi.

Kikao cha pili kikaniteua mimi kuwa mtunza muda, kwa hoja kwamba nina uzoefu wa kuzuia watu. Ni kweli, pale West Bay nimewahi kurudisha Land Cruiser la mkubwa mmoja mpaka barabarani. Tukakubaliana kwamba muda ukiisha nitasimama nyuma ya ukumbi niinue mikono yote miwili, Mchungaji ataona, atafunga.

Ijumaa ikafika. Muda ukaisha. Nikasimama, nikainua mikono.

Mchungaji akaniona. Uso ukamng'aa. Akawaambia washirika wageuke wamtazame ndugu yao kule nyuma jinsi alivyoguswa. Watu wakapiga vigelegele, mpiga gitaa akaingia, na mahubiri yakapata nguvu mpya. Nilibaki nimeinua mikono kama mtu aliyekamatwa, maana sikujua nishushe lini.

Nje, Wahindi walisimama vile vile, kimya.

Kikao cha tatu kilikuwa kifupi kuliko vyote. Mtu mmoja akasema, kwani tusiondoe ile mikono? Kila mmoja akakubali hapo hapo. Mkinisoma vizuri mtaona kwa nini. Mahubiri yana mwenyewe, matangazo yana mwenyewe, kwaya ina mwenyewe. Mikono haikuwa na mtu wa kuitetea. Na mimi nilinyoosha kidole kuunga mkono, tena wa kwanza.

Kutangaza nikapewa mimi.

Ijumaa hiyo baada ya baraka nikasema kuanzia leo tukitoka tunatoka moja kwa moja, tushuke ngazi, tuwapishe wenzetu. Watu wakatoka. Wakafika chini kwenye maegesho wakasimama tu, kila mtu na mkoba wake, kama abiria walioambiwa basi haliji. Joto likawafukuza.

Nilikuwa nazima feni za ukumbi aliponifuata Tabitha.

Tabitha ni dada wa Singida, mdogo wa umbo, anakaa kiti cha karibu na mlango kwa sababu dereva wa nyumba anayofanyia kazi hapendi kusubiri. Sijawahi kumsikia akichangia kitu chochote. Hata akitambulishwa anasimama nusu.

Akaniuliza, "Kaka, tumewakosea nini?"

Nikamweleza habari ya muda, ya Sir Jun, ya alfajiri. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema haya, na nayaandika kama alivyoyasema:

"Mahubiri ninayo kwenye simu, kaka. Kwaya iko kwenye simu. Mkono haumo kwenye simu. Kule ninakokaa hawanitesi, nisiwasingizie. Wananiita, naenda, wananipa kitu, napokea. Ila Ijumaa mpaka Ijumaa hakuna anayenipa mkono."

Dereva akapiga honi. Akaondoka.

Wakuu, niliona aibu. Nilikaa kwenye kiti chake pale mlangoni, sikujua la kufanya na mikono yangu.

Kikao cha nne niliitisha mwenyewe. Chai nikaagiza mimi. Nikawaambia maneno ya Tabitha kama yalivyo, bila kuongeza.  Mzee Mwaipopo alikuwa anakoroga chai ambayo haina sukari.

Mchungaji ndiye aliyeanza. Akasema, "Hoja ya tatu naiacha." Mum Njeri akasema kwaya itaimba wimbo mmoja. Mzee Mwaipopo akajitetea kidogo kuhusu ule mfuniko, mwisho akakubali kuupeleka kwenye group la WhatsApp, ambako ulipata mwenyewe siku hiyo hiyo.

Mikono ikarudi. Likabaki tatizo moja ambalo hatukuwa na dawa yake: koridoni ni kwembamba. Tukajipa moyo kwamba tutajibana.

Ijumaa ya hukumu, Sir Jun akapanda mwenyewe kuangalia kama tunatoka kwa wakati, akasimama pembeni ya mlango na simu mkononi. Na ndiyo siku ambayo Wahindi wa Kerala walikuwa na sikukuu yao, hivyo walikuja wengi kuliko kawaida, na mapema kuliko kawaida. Koridoni kulijaa mpaka kwenye ngazi.

Tukamaliza kabla ya saa nane, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Wimbo ukaanza. Mlango ukafunguliwa.

Wa kwanza kutoka alikuwa Tabitha, maana simu yake ilikuwa inaita, dereva ameshafika. Akatoka akakuta ukuta wa watu. Pa kusimama hapana. Mimi nilikuwa nyuma yake, nikaona kabisa sasa tumekwisha, saa yetu inaenda hivi hivi tunaitazama.

Tabitha akanyoosha mkono.

Mbele yake alikuwepo bibi mmoja wa Kihindi, mvi tupu, amevaa sari nyeupe. Yule bibi akautazama ule mkono. Akaushika kwa mikono yake miwili. Halafu akasogea hatua moja kuingia, Tabitha akasogea hatua moja kutoka, akampa mkono aliyefuata.

Mimi nikampa yule bibi mkono. Aliyekuwa nyuma yangu naye akampa. Wahindi nao kuona hivyo wakajipanga wenyewe. Sisi tunatoka, wao wanaingia, mkono kwa mkono, mstari kwa mstari, kama timu mbili kabla ya mechi. Watoto wao wakaona ni mchezo, wakawa wanarudi nyuma ya foleni kupita mara ya pili. Mum Njeri akaongeza sauti, na nakwambieni kuna Wahindi walikuwa wanaitikia kiitikio.

Kabla sijaelewa kilichotokea, ukumbi wetu ulikuwa umejaa Wahindi wameketi, na sisi wote tuko kwenye ngazi. Sir Jun akatazama simu. Akatazama ukumbi. Akanipa mkono na mimi, akashuka zake.

Hasara ilikuwa moja tu. Mzee Mwaipopo alisalimia kwa bidii mno, akageuzwa na umati, akaingia nao ndani. Akaona aibu kutoka, akakaa ibada nzima ya Kimalayalam, lugha yao. Tulimkuta jioni Najma ana furaha isiyo ya kawaida. Akasema hakuelewa neno, lakini wana matangazo marefu kuliko ya kwetu.

Slot yetu tunayo mpaka leo. Na kila Ijumaa tunapishana hivyo na Wahindi, hakuna kikao kilichopitisha.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini kuna jambo limetokea juzi juzi na ndilo lililonifanya nifungue uzi.

Ijumaa moja tunapishana kama kawaida, yule bibi wa sari nyeupe akafika kwangu, akanishika mkono, hakuuachia. Akaniuliza kwa Kiingereza chake, yule binti mdogo yuko wapi, mbona ni muda sasa hajamwona.

Nikageuka nyuma kutazama kiti cha mlangoni. Kilikuwa na mkoba wa mtu mwingine.

Wakuu, sisi tuna katibu, tuna baraza, tuna group lenye admin wanne. Hakuna aliyekuwa ameona kwamba Tabitha hayupo. Mimi nilikuwa natoka wa kwanza kila Ijumaa na sikujiuliza kwa nini.

Jioni nikampigia. Yuko salama. Mama mzazi wa boss wake anaumwa, yeye ndiye anayemuuguza, kwa hiyo kutoka hakuna mpaka mgonjwa apate nafuu. Akaniuliza nani amemuulizia. Nilitamani kusema ni sisi, lakini nimeahidi ukweli humu na hata yeye nilimwambia ukweli. Ni yule bibi.

Akasema, "Basi kaka, nipelekee mkono."

Ijumaa iliyofuata nilimpa yule bibi mkono wangu. Halafu nikampa tena, nikamwambia huu wa pili ni wa Tabitha. Akaushika muda mrefu. Foleni zote mbili zikasimama, na saa nane ikapita tukiwa tumesimama pale pale. Sir Jun alikuwepo. Akairudisha simu yake mfukoni.

Nilichojifunza ni hiki: kikao kikitaka kukata kitu na wote mkakubali haraka haraka, jiulizeni nani hayumo kikaoni.

Haya wadau, wa Muscat, wa Riyadh, wa Mbagala, misikitini na makanisani, hata kwenye vikoba: vikao vyenu vimewahi kukata nini mkaja kujuta? Wa kunicheka kwa ile mikono miwili niliyoinua nao waje, nimeshawazoea.